Kupiga Deki Nyumba ya Matairi

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Gari limefika! Kubwa kama basi, jeupe, limejaza kiwanja chote cha shemeji Silvester hapa Misunkumilo. Watoto wa jirani wameshalipa jina — nyumba ya matairi. Kitanda, jiko la gesi, choo, makabati mpaka darini. Mume wangu Zefania analizunguka kama bwana harusi.

Ndiyo kusema nyumba yetu ya matofali imeuzwa, shamba la Litapunga limekwenda, tumebaki na hili. Zefania atawakodishia wageni wa mbugani, awaendeshe mwenyewe, binti yetu Skola awapikie. Wageni wasipokuwepo tutalala humo sisi.

Nikamuuliza, na wageni wasipokuja kabisa? Akasema, "Mama Skola, nyumba ni nyumba hata ikiwa na matairi."

Haya. Ni nyumba. Lakini toka hati ya kiwanja iondoke kabatini roho yangu iko juu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimehamia rasmi, yaani nimepiga deki. Ndoo mbili na sabuni ya unga, nikamwaga kuanzia kitandani, nikasukuma kwa fagio mpaka mlangoni. Ndivyo nilivyolelewa. Nyumba isiyopigwa deki asubuhi ina tofauti gani na zizi?

Kapeti la plastiki liling'aa! Ila maji yaliyotoka mlangoni yalikuwa machache kuliko niliyomwaga. Joto la Mpanda hili, nikadhani yamekauka.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Mvua kubwa wakati wa misa. Tumerudi tumekuta godoro limelowa, maji yanapita kwenye kona ya dari. Zefania kapanda juu na silikoni ya kuziba nyufa akiwa bado na shati la kanisani.

Mlango wa kabati la vikombe umebaki mkononi mwangu. Skrubu imetoka na unga wa mbao. Unga! Na gari lina miaka minne tu toka litoke kiwandani. Nikapiga kelele. Zefania anasema yale ya zamani, ya mbao na mabati, yanagombaniwa huko duniani na bei yake haishikiki. Siku hizi wanaunganisha kwa gundi na pini, wanauza kwa sura. Haya ndiyo tuliyoyaweza.

Tuliyoyaweza! Kwa nyumba nzima na shamba.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Shemeji Silvester kaja kula pilau. Mtu mnene yule. Alipokaa mezani kiti kikazama upande mmoja, wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko na sakafu ilinibonyea kama godoro.

Nikamnong'oneza Zefania. Kapeti limefura, akasema, kula nyama.

Sikula. Nilimwona na yeye anakanyaga taratibu.

Alhamisi, 1 Mei

Zefania kamleta Kasimu, fundi wa bodi za malori. Kasimu kalala uvunguni na bisibisi. Nikamsikia, "Aisee." Bisibisi imezama mpaka kwenye mpini.

Katoka na kitu kama makapi mkononi, kinanuka ukungu. Chipbodi, ile mbao ya vumbi na gundi. Akauliza, "Nyie, nani anamwaga maji humu ndani?"

Mimi. Napiga deki.

"Kila siku?"

Kila siku, kwani si nyumba? Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Anasema sakafu ya namna hii inapanguswa na kitambaa kibichi tu, basi. Dari ilishaanza kuvuja kabla hatujalinunua, lakini maji yangu ndiyo yamemalizia. Na katikati hakuna chuma. Viti vya abiria vimefungwa kwenye hiyohiyo sakafu! Kutoa yote aweke chuma, ni kazi ya miezi, na hajui kama kuta zitabaki zimesimama.

Zefania hakunigombeza. Bora angenigombeza. Aliniangalia tu, mimi na fagio langu.

Jumamosi, 10 Mei

Wageni wamepatikana. Familia ya Mwanza, baba, mama na watoto, wanashuka uwanja wa ndege Jumamosi ijayo. Moja kwa moja mbugani.

Zefania kapigilia plaiwudi juu ya uozo, juu yake kapeti jipya la maua. Linapendeza! Hilo ndilo linalonitisha. Mtu akiingia atasifia.

Nikamwambia, waambie ukweli. Akauliza, wakijua nani atakodi? Tutakula nini? Tutalala wapi? Naogopa lisiende, naogopa liende.

Jumatano, 14 Mei

Naandika haraka, mwandiko huu sijui kama nitausoma.

Tumelijaribu mpaka Sitalike. Zefania kwenye usukani, mimi pembeni yake, Skola nyuma kwenye kiti cha abiria, kafunga mkanda. Lami ilikuwa sawa. Tulipoacha lami, shimo la kwanza tu — pwaa! Nikageuka. Kiti cha Skola kimeinuka mbele na misumari yake. Chini ya miguu ya mwanangu nikaiona barabara inakimbia. Vumbi linaingia ndani. Tairi la nyuma lile pale, linazunguka!

"Mama!" Basi, hilo tu. Nilimrukia nikamshika mkanda. Mkanda umefungwa kwenye kiti, na kiti hakijafungwa popote!

Zefania kasimamisha. Viboko walikuwa wanakoroma mtoni, Skola akawaangalia akacheka, huku machozi yanamtoka.

Baba mtu kaweka bolti ndefu na kipande cha bati. Kaniambia, "Gari ni gari, Mama Skola. Yote yanatikisika."

Sasa limekuwa gari! Alipouza nyumba yangu lilikuwa nyumba.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwomba Skola asiende. Nimemwomba kama ninavyomwomba Mungu. Anasema baba amefunga bolti, anasema nisimharibie. Amemaliza kozi ya hoteli, amekaa nyumbani mpaka amechoka, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza. Kashona aproni yenye jina lake. Kaipiga pasi mara mbili.

Nitasema nini kwa wageni? Nikimbilie uwanja wa ndege niwaambie mume wangu atawaua? Watu watasema mimi Dafrosa nimechanganyikiwa.

Halafu mchana Zefania alikuwa anakunywa chai na kaka yake, mimi nafua nyuma ya gari. Nikamsikia anauliza, ukienda polepole sana, mwendo wa baiskeli, sakafu si itashika? Akauliza tena, kwa sauti ya chini.

Kumbe na yeye anaogopa! Nilikuwa najifariji kwamba yeye dereva wa malori, anajua nisichokijua mimi. Sasa sina hata hicho.

Jumamosi, 17 Mei

Kumeshakucha vizuri. Zefania kaenda kuwapokea wageni na gari la Silvester. Skola kaenda kwa jirani kuchukua sufuria kubwa.

Nimejaza ndoo zote kisimani. Nimeziingiza ndani moja moja. Nimefunga mlango kwa komeo.

Kapeti la maua nimelikunja. Plaiwudi imenipa taabu, nimeing'oa na mwiko wa ugali. Ndoo ya kwanza nimeimwaga palepale, chini ya kiti cha Skola. Ya pili. Ya tatu. Maji hayaji mlangoni. Yanazama yote.

Tutalala wapi, sijui. Hata humu hatulali, tunakesha.

Naandika nimekaa kitandani, miguu juu. Nilifikiri nitalia. Nasikia gari linaingia uani, milango inafungwa, watoto wanashangilia. Nyumba ya matairi, mama, angalia!

Zefania anagonga. Anasema wageni wamefika, nifungue.

Nimesema, "Napiga deki."

Amejua. Nilidhani atauvunja mlango, na mlango wenyewe huu ni wa kuvunjika kwa kiwiko. Havunji. Namsikia anawaambia wageni kwa adabu kabisa, karibuni mkae kivulini kidogo, mama anasafisha nyumba.

Nyumba, amesema.

Kitu kimelia chini ya kiti. Kiti kimeinamisha kichwa. Skola naye amerudi, yuko kwenye ngazi, anauliza maji haya yanayochuruzika uvunguni ni ya nini. Anatikisa kitasa. Usipande, mwanangu. Bado ndoo moja.