Udi wa Mama

Maskati, Alkhamisi, Machi 1970

Haukuwa udi. Wiki nzima nimemlaumu Mama bure.

Chumba chake kikinuka moshi tangu tulipotia umeme, nikamwambia ni udi wake, aufukize uani au aache. Akaacha. Chetezo akakipandisha juu ya kabati, na yeye tangu Unguja halali bila kufukiza.

Leo alasiri Zuwena, mke wangu, kanishikilia nizikague soketi zote, watoto wasije wakatia vidole. Ya nyuma ya kitanda cha Mama nilipoifungua, ganda la waya limeyeyuka na ukuta umekuwa mweusi. Shubiri moja tu kutoka kwenye mto wake. Na ile niliifunga mimi kwa mkono wangu, nikijidai fundi.

Nimeikata kabisa. Kisha nikamwambia, "Mama, leo fukiza udi wako."

"Harufu imekwisha?"

"Imekwisha."

"Alhamdulillahi. Nisamehe, mwanangu, nimekuudhi. Udi nnaonunua huku si kama ule wa kwetu."

Hapo ndipo ningesema kweli. Zuwena alikuwa mlangoni, ananitazama.

Nikamjibu Mama kuwa nimemsamehe.