Namba ya Darubini Iliyomrudisha Seif

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hakuna posta itakayokufikishia maneno haya, lakini Ijumaa ninaolewa tena, na sioni nitaingiaje kwenye ndoa kabla sijazungumza na wewe. Hapa Temeke tuko wazima. Mama magoti yanamsumbua, mdomo ni ule ule.

Nimekaa barazani, upande wako ule unaopata mwanga wa alasiri. Hapa ndipo ulipokuwa unafungulia darubini za bunduki. Bunduki zenyewe zilibaki dukani mjini kwa Bwana Karim, mwajiri wako, maana nani angekuruhusu kupita Temeke na bunduki ya mzungu begani? Lakini darubini ikishatolewa juu ya bunduki ni bomba tu lenye vioo. Ulikuja nazo umezifunga kwenye kanga kuukuu ya mama, kama mtu aliyebeba maandazi.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na talaka yangu. Sikutaka kuonana na mtu. Majirani waliuliza, shangazi waliuliza, wewe hukuniuliza hata siku moja. Uliniita tu ukasema, "Zena, macho yangu yameanza ukungu. Njoo unisomee namba." Nikadhani unanihurumia. Kumbe kweli ulikuwa huzioni.

Ukanieleza kwamba kila darubini inapotoka kiwandani inachongwa namba yake, na inayofuata inapewa namba kubwa zaidi. Anayejua namba mbili tatu za zamani na mbili tatu za karibuni anaweza kukisia umri wa darubini yoyote ya kiwanda hicho, hata kama mwenyewe anadai aliinunua jana. Ulizipenda zile namba, baba. Nilikuwa nakusomea, nawe unafumba macho na kusema, "Hiyo ya zamani, hiyo. Vita haijaanza bado."

Neno vita tulikuwa tunalitaja kwa sauti ya chini, kwa ajili ya Seif. Kaka yangu, kifungua mimba wako, uliyemfundisha kazi hii hii kabla hajaingia jeshini. Mwenzake mmoja wa Mtoni ndiye aliyerudi na habari: meli yao ilipigwa wakiwa njiani kwenda Ceylon, na aliona kwa macho yake upande aliokuwa Seif ukizama. Tukamsomea hitma. Mwanaidi mkewe akakaa eda, ikaisha, akaolewa Mbagala. Mama akaacha kula samaki. Ukimpikia anakiondoa kitoweo, anakula wali mtupu.

Kisha ikaja ile darubini nyeusi. Uliileta kama nyingine zote, uzi wa shabaha umekatika ndani. Ukafungua pete inayoshika kioo cha nyuma, ukapitisha ncha ya kidole, ukarudia tena. Nikasema, "Baba, vipi?" Ukanipa ile pete na kile kioo chako cha kukuzia.

"Tazama ndani. Unaona nini?"

Niliona mkwaruzo mdogo, mdogo kuliko chawa. Herufi sini ya Kiarabu, na mkia wake umepinda juu kama wa nge.

Mafundi wote uliowafundisha walikwaruza alama yao ndani ya kazi waliyoifanya. Wewe, mwalimu wao, ulitia alifu, herufi ya kwanza. Seif alitia sini, na ulikuwa unamgombeza kwa ajili ya ule mkia: "Sini gani hii? Mwalimu wa chuo cha Kurani akiiona atakuchapa!" Naye anacheka, siku ya pili anaupinda vile vile.

Nilidhani utalia. Badala yake ukasema kwa haraka, "Namba. Nisomee namba." Nikasoma. Ukaniambia nisome tena, polepole. Ukaiweka darubini chini kwenye mkeka.

"Zena," ukasema, "namba hii ni ya baada ya vita."

Sikuelewa upesi. Ulipoona naduwaa ukanishika bega. "Mtu aliyezama wakati wa vita ataitengenezaje darubini iliyotoka kiwandani baada ya vita?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. Sijui alisikia kiasi gani. Alisema, "Baba Seif, nakuomba. Mwanangu nimeshamlilia. Usinichimbulie." Akaingia ndani, na mchele ule siku ile haukupikwa.

Asubuhi tulikwenda mjini pamoja. Ninamkumbuka Bwana Karim na miwani yake juu ya paji la uso, anasikiliza mpaka mwisho. Hakutudharau, lakini pia hakutaka tujidanganye. "Fundi, pengine kiwanda kiliruka namba," alisema. "Wakati wa vita mambo mengi yalivurugika. Namba kubwa peke yake haitoshi." Ukakubali kwamba ana haki ya kusema hivyo. Nilikuona umeinamisha kichwa, nikaogopa kurudi na wewe nyumbani ukiwa hivyo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyepanda ngazi hadi rafu ya juu, akashusha boksi lenye darubini ya kiwanda kile kile, mpya, haijapata kufungwa kwenye bunduki. Karatasi yake ilisema imetoka kiwandani vita ilipokwisha, na yeye mwenyewe aliipokea bandarini. Akaifuta vumbi akanikabidhi mimi. "Soma, binti."

Nikasoma. Namba yake ilikuwa ndogo kuliko ya darubini yetu. Ile iliyokuwa na alama ya Seif ilikuwa mdogo wake.

Bwana Karim akavua miwani kabisa. "Basi nenda ukamtafute kijana wako," akasema. "Mwenye darubini ni mzungu wa mashamba ya kahawa. Atakapokuja nitamuuliza iliwahi kutengenezwa kwa fundi wa wapi."

Ilitengenezwa Moshi. Fundi mmoja karibu na stesheni, alisema yule mzungu, mtu mpole anayetembelea magongo.

Mama hakutuaga. Alitufungia mkate wa kumimina, akauweka juu ya mzigo wetu, akarudi jikoni. Tulipanda lori hadi Korogwe, vumbi mpaka kwenye kope, kisha treni inayotoka Tanga. Njia nzima hukusema juu ya Seif. Ulinisimulia ulivyomposa mama, na jinsi babu yake alivyokukatalia kwa sababu mikono yako ilinuka mafuta ya bunduki. Nilicheka kwenye treni ile, baba. Nilikuwa sijacheka tangu talaka.

Tulimkuta nyuma ya duka la mshonaji. Amekaa kwenye kigoda, suruali ya upande mmoja imekunjwa na kufungwa juu ya goti, ananyoosha waya kwa koleo. Aliinua uso akatuona, koleo likamdondoka. Alijaribu kusimama bila gongo.

"Shikamoo, baba."

Hukusema marahaba. Ulikwenda ukamzuia asianguke, ukamkalisha, ukakaa chini mbele yake mavumbini na kanzu yako nyeupe. Baadaye sana ndipo uliposema, "Mkia wa sini bado unaupinda."

Akaficha uso. Alitueleza kwa vipande vipande. Aliokotwa baharini, mguu ukakatwa hospitali huko huko ng'ambo. Aliporudi Afrika alikutana Nairobi na mtu wa Dar es Salaam, akaambiwa hitma imesomwa na Mwanaidi keshaolewa. "Nikasema, wameshalia wakanyamaza. Nirudi na mguu mmoja kuwaliza tena? Niione nyumba ya mke wangu ina mume mwingine? Nikashukia hapa."

Ukamwambia, "Mama yako hajanyamaza mpaka leo. Kwa hiyo hukumpunguzia kitu."

Ndipo alipolia. Mimi pia. Wewe ulikuwa unamfuta machozi kwa mkono wa kanzu kama mtoto wa chuo.

Tulifika Temeke alasiri moja, majirani wakatufuata kutoka barabarani kama harusi, hakuna anayethubutu kupiga kigelegele kabla ya mama. Mama akatoka. Alimtazama Seif kuanzia kichwani, akashuka, akafika kwenye suruali iliyofungwa.

"Mguu wako uko wapi?"

"Baharini, mama."

Akamkumbatia na magongo yake. "Basi bahari imechukua kidogo," akasema. Kigelegele kikapigwa na mtaa mzima.

Mengine unayajua, uliyaona mwenyewe kabla hujatuacha. Ulimwona Seif akikaa hapa barazani mkabala na wewe. Ulimwona Mwanaidi akija na mumewe kumpa pole na kumwomba radhi, na Seif akamwambia hana kosa lolote, akampakata mtoto wao. Usiyoyaona ni haya ya sasa. Bwana Karim amempa kazi yako. Na kuna binti mmoja wa Keko, mshonaji, anayeleta cherehani yake itengenezwe hata ikiwa nzima. Seif anajifanya hajui.

Mimi ninaolewa na Rashidi, seremala wa hapa hapa. Ana sauti ndogo na anasikiliza mtu akisema. Nilimwambia habari zangu zote kabla hajaleta posa, akaniambia hakuja kuuliza ya nyuma. Nikakukumbuka.

Walii wangu wa ndoa ni Seif. Kama asingekuwepo ingebidi atafutwe baba mdogo kule Kilwa, mtu ambaye hata sura yangu haijui. Sasa kaka yangu anazunguka ua kwa magongo yake, anajizoeza maneno ya kuniozesha. Kila akifika kwenye "binti wa Mzee Hamisi" sauti inamkatika, anakohoa, anaanza upya. Mama anamcheka dirishani. Namsikia hapa ninapoandika. Safari hii amefika mpaka mwisho.

Lala salama, baba. Dua zetu zinakufuata.

Binti yako,
Zena