Ekografi ya Titi

Joubert Park, Johannesburg
12 Februari 2017

Mama mpendwa,

Shalom. Magoti yako vipi na baridi ya Butembo? Sisi wazima, mume wangu Gustave anakusalimu. Saluni ina wateja, nasuka hadi vidole vinakufa ganzi.

Mama, nilienda hospitali. Picha ya kwanza haikuonyesha vizuri, wamenipa tarehe ya ekografi, huku wanaiita ultrasound. Usiniulize mengi. Uniombee.

Binti yako,
Jocelyne

Butembo
3 Machi 2017

Jocelyne wangu,

Magoti? Leo nimecheza nayo! Ignace, huyu mfanyabiashara anayetubebea barua, alinipa yako sokoni, nilipofika kwenye ekografi nikapiga vigelegele. Miaka tisa ya ndoa! Najua mimba haitangazwi mapema, lakini mdomo wangu unaujua. Jumapili nilitoa shukrani kanisani, na mama mchungaji amewapigia simu ndugu zetu wa kanisa la Hillbrow, huko kwenu. Nimeanza kufuma sweta la manjano. Usibebe vitu vizito.

Mama yako

Joubert Park
19 Novemba 2017

Mama,

Salamu. Unisamehe kunyamaza. Hakuna mtoto. Nilishika uvimbe kwenye titi. Mamografia, ile picha ya kwanza, ikatoka nyeupe tupu, wakasema nyama ya titi langu bado imeshikana sana, inaficha uvimbe, ndiyo maana wakataka ekografi.

Ningekuambia. Lakini ibadani wamama walinishika tumbo, wakaniletea nepi. Nikaona haya, tarehe ikapita. Nilienda Agosti, nesi akaniuliza, "Eish, dada, ulikuwa wapi?" Ni kansa, imefika kwapani. Dawa zimeninyonyoa nywele zote, mimi msusi.

Usijilaumu, Mama. Naogopa.

Jocelyne

Butembo
10 Desemba 2017

Mwanangu,

Nikuulize hali kwa mdomo gani? Ni huu huu uliokuponza. Nimelia mpaka Ignace akaahirisha safari. Nimelifumua sweta, nikakufumia kofia kwa uzi uleule. Niambie kama inakutosha.

Mama yako

Butembo
22 Aprili 2018

Jocelyne,

Leo sina salamu. Ignace anaondoka kesho, nimekuandikia barua hii kwa mazoea tu, ataiweka kaburini kwako.

Jumapili nilisimama palepale nilipotoa shukrani, nikawaambia ekografi ile ilikuwa ya nini. Nikawaambia wajiguse matiti, wasione haya.

Gustave alipopiga simu baada ya mazishi, nilimuuliza jambo moja tu. Anasema wamekuzika na kofia yako, na ilikutosha.

Mama