Beringi za Mwalimu

Baba,

Mwalimu amerudi. Ndiyo, huyo wa Murera, uliyemfungulia injini ukabadilisha beringi zote na bado ikaendelea kugonga, akaenda akituharibia jina hadi Juja.

Hapa gereji alikuja kwa pancha tu. Lakini akipanda kale kamlima ketu nikasikia kri-kri-kri, kama misumari ikitikiswa ndani ya mkebe. Baba, sauti ni ile ile. Gari ni nyingine, ya turbo, imetoka Japani juzi, na fundi mmoja alishamwambia injini ifunguliwe.

"Zima redio, injini inaongea." Si ndivyo ulivyokuwa ukisema? Nikazima, nikaendesha mwenyewe. Kwa tambarare, kimya. Nikikanyaga mafuta mlimani, inagonga. Nikafungua kifuniko cha tangi, na hapo pameandikwa iwekwe petroli ya namba ya juu. Nikamuuliza huwa anaweka gani. Ile ya kawaida, akasema, kwani petroli si ni petroli?

Woi! Maneno yako kabisa, Baba.

Kumbe sivyo. Mimi mwenyewe nilielewa chuoni Thika, na wewe ulikuwa umeshatuacha. Ile namba, oktani, haisemi petroli ina nguvu kiasi gani. Inasema itavumilia kubanwa kiasi gani kabla ya kuwaka yenyewe. Injini yake inabana sana, na petroli ya kawaida inashindwa kuvumilia. Sehemu yake inajilipukia bila kungoja zamu, na mlipuko huo unagonga pistoni kama nyundo. Kagari kako ka zamani hakangefaidika chochote na petroli ya bei, ungetupa pesa tu.

Nikamwambia aendeshe polepole mpaka tangi ikaribie kuisha, ndipo ajaze ya namba ya juu. Jumamosi tukapanda mlima pamoja, madirisha yamefungwa. Kimya! Nilipiga usukani nikacheka huku machozi yananitoka.

Kisha nikamletea mkebe wako. Ndani mna zile beringi za gari yake ya kwanza, ulizokataa kutupa mpaka ukafa. Nzima, hazina hata mkwaruzo. Nikamwambia ukweli, kwamba tulikosea, huenda hata ile ya kwanza ilikuwa ikililia petroli tu, na baba yangu alijua amekosea ila hakuwahi kujua ni wapi. Akazigeuza moja moja mkononi. Halafu akasema hajawahi kuona fundi anayetunza kosa lake, na kwamba Murera wataisikia hii pia kutoka kwake.

Najivunia masikio yangu, Baba, sitakuficha. Lakini haki ya Mungu, ule mkebe ndio unaofanya nitembee kifua mbele.

Nakuahidi, yeyote atakayejifunza kazi hapa atashika hizo beringi kabla ya kushika spana, na atauliza petroli kabla ya kufungua injini.

Lala sasa, Baba. Haigongi tena.

Binti yako,
Wambui