Kwa Mwalimu Mutwiri, Uliyewaandikia Wabunge Hadi Mwisho

Mwaka mzima umekwisha tangu Bwana akuite, Baba Kagwiria, na nyumba yetu hii ya Laare bado haijazoea. Redio naifungua ile saa yako ya habari, nasikiliza kama watataja Bunge, halafu nakumbuka hakuna wa kumwambia.

Ulinikuta kwetu Kiambere ukiwa mwalimu kijana kutoka Meru, joto limekushinda, unafundisha na kitambaa begani cha kujipangusa jasho. Mtoto asiye na penseli ulikata yako katikati ukampa nusu. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la saba, na hukuwahi kunicheka kwa hilo hata siku moja.

Ulipostaafu tulidhani utapumzika. Lakini wenzako wakaanza kuja kwa veranda yetu na shida zao. Pensheni imechelewa, wengine haijawafikia kabisa, na ile inayokuja haiongezeki hata unga ukipanda bei. Ukachukua kalamu. Uliwaandikia wabunge, ukayaandikia magazeti, ukawaomba watunge sheria ya kulinda pensheni ya mwalimu. Kila barua ulinisomea kwanza nikichambua maharagwe, na nikikuuliza, "Hapo unasema nini?" ulikata mstari ukaandika upya. Ulisema kama mimi nimeelewa, mbunge hana kisingizio.

Majibu yalikuja machache. Uliyasahihisha kwa kalamu nyekundu kama mtihani. Moja uliliandikia juu, "Hajajibu swali. Arudie." Rafiki yako Mwalimu Misheck alicheka mpaka akakohoa.

"Mutwiri, watu kama hao si tumewafundisha? Hata wakati ule hawakuwa wanaleta kazi ya nyumbani."

"Ndiyo maana siwaachi," ukamwambia. "Nawajua."

Lakini nilikuwa nakuona. Pensheni ikichelewa, ulikuwa unakata kidonge cha presha na wembe, nusu leo, nusu kesho, ukidhani niko huko kwa ng'ombe. Nilipokuuliza ulisema, "Wacha tu, Mama Kagwiria, wiki ijayo watalipa." Hawakulipa. Ukaendelea kukata, na kuandika, mpaka ile asubuhi hukuamka.

Siku ya mazishi mheshimiwa mbunge wetu alikuja. Mwana wetu Kaburu hakutaka apewe maikrofoni. Misheck akamwambia, "Mpeni, mwanangu. Pengine leo ndiyo atajibu." Tukampa. Akasema barua zako zote amezisoma, na ule mswada wa pensheni uliokuwa tayari Bungeni atausimamia mpaka upite. Watu wakapiga makofi kando ya jeneza lako. Mimi nilikuwa namwangalia. Alipoketi alimwinamia diwani wake akamuuliza, "Huyu mzee alikuwa anaitwa nani?"

Mswada wenyewe haukupita. Sitakuficha, kwa sababu hatukuwa watu wa kufichana. Hata kujadiliwa haukujadiliwa. Ulikaa tu mpaka muda wake ukaisha. Niliyasikia hayo kwa redio, peke yangu. Pensheni ya mjane nayo bado. Kila nikishuka ofisi ya pensheni Makutano kuuliza, karani ananiambia, "Mama, faili bado inatafutwa, jaribu mwezi ujao." Ananiambia kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo inanichosha zaidi. Wale wenzako waliokuwa wakijaa kwa veranda, wengi tumewazika. Misheck bado huja. Anakaa, anakunywa chai, anaenda.

Kanisani wananiambia nisikate tamaa. Naomba, Baba Kagwiria, sijaacha kuomba, lakini siku hizi maombi yangu ni mafupi. Namwambia Mungu, "Wewe unaona," halafu nainuka. Zaidi ya hapo sina.

Gazeti hili lilichapa barua yako mara moja tu, tena likakata ile sehemu uliyoiandika kwa uchungu kabisa. Leo watoto wako wamelipia nafasi hii, na nimeambiwa niandike ninavyotaka, hakuna atakayenikata. Basi nasema lile walilokata: mwalimu aliyewafundisha watoto wa nchi hii kusoma asizikwe akingoja haki yake, na mjane wake asigeuzwe mtu wa kuomba-omba kwa maofisi. Maneno hayo ni yako, na sasa yametoka yote. Ilibidi ufe kwanza, na sisi tulipe. Kama kuna mtu atayasoma, mimi sijui.

Unakumbukwa na mkeo Peninah. Watoto wako Kagwiria, Kaburu na Felicitas. Mkwe wako Mugendi. Wajukuu wako Adrian na Linda. Ndugu yako Murithi. Na rafiki yako Mwalimu Misheck.

Hatutakusahau, Mwalimu, siku zote tulizobakishiwa.