Nafasi ya Wekesa Hewani

Wekesa rafiki yangu,

Huku Mau Narok mvua imekataa kuacha na viazi vinaoza shambani. Kila Jumapili alasiri nilikuanzia na viazi redioni kabla hatujagombana, kwa hiyo nimeanza hivyo.

Tangu tulipokuzika, hata kuwasha mashine naona uvivu. Tumebaki wachache, wote wa sideband, zile sauti zilizobanwa ulizozicheka. Rono wa Olenguruone aliuliza kama sasa tunaweza kuichukua nafasi tuliyokuachia kwenye bendi ya redio. "Mzee alikuwa anakula space ya watu wawili na hiyo AM yake," akasema, bila ubaya. Ni kweli. Nilikusihi mara ngapi ununue mashine ya kisasa, ujibane kama sisi? Ukanijibu, "Nyinyi mnaongea kama bata." Nikakuona mkaidi tu. Kwa hiyo nilimwambia Rono sawa, aichukue.

Kisha nikashuka Nakuru kumwona mkeo, Mama Nekesa. Nilimkuta jikoni anachambua maharagwe, redio yenu ya betri imewashwa kando yake. Ilikuwa inatoa sauti za kina Rono, kwa-kwa-kwa, hakuna neno linaloshikika. Nikamuuliza mbona haizimi.

"Hii inashika AM peke yake," akaniambia. "Baba Nekesa alikuwa anaongea kwa AM ndio nimsikie akiwa workshop. Akisema anafunga, mimi naweka maji ya ugali."

Wekesa, miaka yote hiyo hukuniambia.

Nilimpigia Rono, nikamwambia nafasi yako haiguswi. Mashine yangu ina kitufe cha AM ambacho sikuwahi kukigusa. Jumapili nilikibonyeza, nikamwita Rono palepale pako. Alinung'unika, kisha naye akabonyeza chake. Tuliongea habari za viazi na barabara mbovu, tukijua nani anasikiliza.

Baadaye Mama Nekesa alinipigia simu. "Nimewasikia nyote wawili, vizuri kabisa," akasema. "Lakini nilikuwa nangojea yeye."

Mimi pia nilikuwa nakungojea.

Lala salama, ndugu yangu. Maadamu yule mama anawasha redio, Jumapili hazitapita kimya. Nitaongea kwa sauti pana ya AM, hata wenzangu wakichoka nami.

Wako,
Kamau