Gundi Bado Haijakauka

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu uweke nyundo chini na kutuachia viatu vya watu, vingine vya mguu mmoja. Vyote vimechukuliwa isipokuwa buti moja la kushoto. Kama mwenyewe yuko huko uliko, mwambie limeshashonwa.

Ulikuwa ukisalimia viatu kwanza, kisha mwenye navyo. Mama anasema siku mlipokutana ulimtazama kisigino kabla ya uso, akakusamehe kwa sababu angalau ulianza chini ukapanda.

Lakini leo tunakumbuka benchi lako.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa sukari iliponikamata. Kufika ishirini na tatu nilikuwa nimejifungia kama kuku anayeatamia: rafiki sina, sherehe siendi, sindano najichoma chooni. Kliniki nilikaa katikati ya wazee wakisifiana wajukuu, na mimi hata mchumba wa kugombana naye sina. Watu walinitupia ile methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ukasema, "Mficha maradhi hajapata wa kumwambia, basi."

Siku uliyonisindikiza kliniki uliona vijana wengine wawili, kila mmoja akitazama ukuta wake. Ukawaendea kwa uso wa huruma. "Mwanangu, soli hiyo inaachia. Niletee Jumamosi saa nne." Wote wawili, saa nne ileile.

Wakaja kibandani kwako. Ukawavua viatu, ukawapa ndara zako zisizofanana, maana ulimsikia daktari akituonya tusitembee peku. Na mimi ukanivua, ukanikalisha katikati. Nani ataringa na ndara nyekundu kushoto, ya bluu kulia? Tukakaa tukitazama vidole vyetu kama tunaosubiri kung'olewa meno.

"Mzee, bado tu?" akauliza mmoja wao, karani wa stoo.

"Gundi haijakauka."

"Lakini kiatu changu kilikuwa kizima!"

"Kizima? Fundi ni wewe au mimi? Kaa, mwanangu. Piga soga na wenzako."

Mwishowe karani akatueleza kwamba siku moja sukari yake ilishuka kazini, akatetemeka, wenzake wakamcheka eti amelewa, naye akaona heri waamini hivyo. Yule wa pili, mwalimu wa chekechea, akasema yeye sindano yake huificha kwenye boksi la chaki. Nikacheka hadi nikashika mbavu. Nilikuwa nimesahau kicheko changu kina sauti mbaya kiasi gani. Mama alipoleta chakula cha mchana, tukajichoma palepale benchini, na hakuna aliyegeuza uso. Viatu ukavirudisha saa nane. Hakuna aliyekuwa ameviulizia tena.

Tangu hapo ikawa kila Jumamosi, na watu wakaongezeka. Tukafundishana kukataa soda ya sherehe bila kuhutubia ukumbi mzima. Karani akawaeleza wenzake wawili kazini. Siku hizi akianza kutetemeka, wanamkimbilia na maji ya matunda.

Kuna jambo moja, Baba, uliondoka hujaliona. Ulijua nampenda seremala, na ulijua sijamwambia ninaumwa nini. Wiki yako ya mwisho ulinibana. "Lini?"

"Nikipata ujasiri."

"Ningengoja ujasiri wenu, benchi lingekuwa tupu hadi leo. Mimi nilichukua viatu."

Nilichelewa miezi saba. Naye alikuwa ameanza kusema ataleta wazee wake nyumbani. Basi Jumamosi moja nikamwita kibandani mapema, nikamvua viatu, nikavikabidhi kwa Kaka, mrithi wako, ambaye visigino anavyogonga bado vinaangalia pembeni. Ndara nyekundu, ndara ya bluu. Nikamweleza yote: sindano nne kwa siku, siku mbaya, na hofu yangu kwamba mama yake atasema mwanawe anajitwika mgonjwa.

Seremala akazitazama ndara, moja baada ya nyingine. Kaka, mwenye moyo wa kifaranga, akashindwa kuvumilia, akamrudishia viatu. "Vimekauka, shemeji."

Nilitamani kumpiga na nyundo yako. Seremala akavaa, akafunga kamba polepole, akasimama. Nikajua anaondoka. Akainama, akautikisa mguu wa benchi.

"Hili litawaangusha. Huwa mnakaa wangapi?"

"Tisa."

"Na mimi wa kumi. Jumamosi ijayo nakuja na misumari na ubao."

Benchi sasa ni refu, Baba. Linafika mlangoni.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado hukagua visigino vyake kabla ya kutoka. Na Kaka, anayejitahidi. Na mimi bintiyo. Na seremala, ambaye sasa unaweza kumwita mkwe. Pamoja na wanao wote wa benchi, kila mtu na ndara zake zisizofanana.

Daima tutakukumbuka. Wanaotuambia tuanze kusahau wakae kwanza: gundi bado haijakauka.